Kidole Gumba cha Fundi Sponji

Siku hiyo Kindi alikutwa juu kabisa ya dirisha la sebuleni, amening'inia kwenye bomba la pazia, mdomoni ana biskuti. Mama yake hakupiga kelele. Alimshusha, akamfuta makombo, akamgeukia mumewe.

"Baba Kindi, mimi hospitalini nafunga watoto wa wenzangu plasta tangu naingia mpaka natoka. Mikono, miguu, mabega. Sitaki kumfunga wa kwangu. Tafuta ukumbi wa jimnastiki wenye mwalimu anayejua kumwangalia mtoto, la sivyo huyu ataivunja shingo humu ndani na sisi tumekaa tunamtazama."

Halafu akalirudisha pazia mahali pake huku akinung'unika. Dirisha lile lilikuwa na pazia la maua ya zambarau upande mmoja na la buluu upande wa pili. Zamani yote mawili yalikuwa ya maua, zawadi ya harusi kutoka kwa dada yake, mpaka moja lilipoibwa kwenye kamba ya kuanikia. Ilikuwa mwaka wa saba sasa, na mwizi alikuwa anajulikana: jirani wa chini. Kwa miaka saba mama Kindi alikuwa akiitikia salamu za mwanamke yule kwa pua.

Baba Kindi alikuwa fundi wa makochi, na mtaa mzima ulimwita Fundi Sponji. Kazi ya kuchagua ukumbi aliipokea kwa mikono miwili. Wazazi wengine wangeangalia rangi ya kuta, sijui vyeti, sijui picha za ukutani. Yeye angeangalia godoro ambalo mtoto ataangukia, basi. Na kipimo chake kilikuwa kidole gumba. Alikuwa anakibonyeza kwenye sponji hadi mwisho, anaachia, kisha anahesabu. Shimo likijaa kabla ya mbili, sponji nzuri. Akifika tatu na shimo bado lipo, basi aliyetengeneza ni mwizi. Alikuwa anatumia neno hilo hilo, mwizi, na sauti hapunguzi.

Ukumbi wa kwanza ulikuwa ghorofani, vioo ukuta hadi ukuta, na dada wa mapokezi ananukia vizuri hata Fundi akalionea haya shati lake. Aliambiwa asubiri. Akasubiri kama dakika mbili hivi, halafu akapiga magoti katikati ya ukumbi na kubonyeza. Moja, mbili, tatu, nne. Shimo limetulia pale pale. Sasa, mtu mwenye akili zake angenyanyuka akaenda zake. Fundi Sponji alitoa wembe mfukoni akafumua mshono wa godoro la watu, mchana kweupe, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Akaibuka na mifuko ya plastiki na soksi moja ya mtoto.

"Ya pili iko wapi?" akauliza.

Mlinzi aliitwa. Alipofika alimkuta Fundi amekwisha kutunga uzi kwenye sindano yake iliyopinda na anashona, maana hakuweza kuacha kazi imefumuka, hata kama ni kazi ya mwizi. Mlinzi alisimama akamngoja amalize, akausifia mshono, kisha akamtoa nje.

Ukumbi wa pili magodoro yalikuwa safi. Kidole kilirudi kabla hata ya moja, na Fundi alitaka kusaini papo hapo. Mwalimu wa pale, bwana mmoja mwenye filimbi shingoni, alimpima Kindi urefu wa miguu, akampima viganja, akatangaza kwamba medali ya kwanza itapatikana ndani ya mwaka. Alieleza habari za medali hizo kwa muda mrefu sana. Alipomaliza, akageuka amwonyeshe mtoto vifaa, mtoto hayupo. Walimtafuta chini ya meza, wakamtafuta chooni. Kindi alikuwa juu ya kamba ya kupandia, karibu na dari, anawapungia mkono.

"Huyu ana kipaji," mwalimu akasema.

"Huyu ana miaka mitano," Fundi akajibu, "na umempoteza kabla hajajiandikisha."

Nyumbani mama Kindi alisikiliza habari zote mbili mpaka mwisho, uso mkavu. Akasema kidole gumba hakina macho, na safari ya tatu wataenda wote. Kesho yake alikuwa na mapumziko, na kazini alikuwa amesikia habari za mwalimu mmoja kutoka kwa wenzake. Katika miaka yote ya kufunga plasta, hawakuwahi kuletewa mtoto aliyevunjika kwa mwalimu huyo.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani nyuma ya karakana ya magari. Hakuna vioo, hakuna mapokezi. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mfupi, miwani ameifunga kwa kamba ya kiatu. Watoto kumi walikuwa wamepanga mstari na walikuwa wanajifunza kuanguka. Hawaruki, hawapinduki, wanaanguka tu: kunja magoti, kidevu kifuani, jiviringishe. Mwalimu akizungumza na mtu, macho yanabaki kwa watoto. Kindi aliingia kwenye mstari bila kualikwa na mwalimu akamsogeza mbele, akamshika kiuno. Mama Kindi alilitazama jambo hilo kwa makini na mabega yake yakashuka.

"Kaeni pale kwenye godoro la wazazi," mwalimu alisema.

Godoro la wazazi lilikuwa limelazwa kando ya ukuta. Fundi alikaa, akainuka haraka. Kitu kigumu kilikuwa kimemwingia kalioni. Akahamia upande wa pili, akazama mpaka sakafuni.

"Mwizi," akasema.

"Baba Kindi, jamani, tumefika sasa hivi."

"Huyu si mwizi wa kawaida, mama. Huyu ni jambazi. Mtoto akiangukia hapa si anakufa? Mikono ya mtu huyu ingefungwa kamba. Ningemwona leo ningempa za uso."

Wazazi wengine wawili walisogea wasikie vizuri. Mwalimu akajibu kutoka kule kule, mgongo amewapa. "Hilo lililetwa na dalali pamoja na mengine tisa. Kila godoro naliruka mimi kwanza kutoka juu ya sanduku, ndipo nawapa watoto. Yale tisa mazuri mno. Hilo kisigino changu kiligonga sakafu. Nikasema hili ni la wazazi, wao hawaruki."

Kumi. Dalali. Fundi Sponji aliacha kutukana. Aliinamia pembe ya godoro polepole, na pale akauona uzi mwekundu, mishono mitatu iliyopishana, alama anayoiweka kwenye kila kazi yake tangu alipofungua karakana uani kwao. Siku ile ilimrudia yote. Dalali amesimama mlangoni anaangalia saa, godoro la kumi limebaki ganda tupu, sponji imekwisha, na yeye anaokota chochote kilicho karibu.

Akaweka kiatu juu ya ule uzi na kujikausha. Angeweza kutoka salama, nakuambia. Lakini mshono ulikuwa umechoka, na kiatu kilipokandamiza, pembe ikaachia. Kindi, aliyekuwa amekuja kuwaonyesha wazazi wake jinsi anavyoanguka, aliliona tundu, na Kindi haachi tundu lipite hivi hivi. Akatumbukiza mkono na kuvuta. Kikatoka kitambaa. Akavuta tena, kikazidi kutoka, kirefu, maua ya zambarau.

"Mama, pazia letu," akasema.

Mama Kindi alilichukua, akalikunjua, akaukagua upindo. Akamtazama mumewe, na Fundi aliona heri angepigwa.

"Miaka saba," alisema taratibu. "Miaka saba simsalimii yule mama wa watu vizuri."

"Nilikuwa na haraka," Fundi akasema, kisha akaona jinsi neno lile lilivyo dogo, akalia kidogo. Ndiyo, alilia, mtu mzima, mbele za wazazi wenzake. Alikuwa anayatazama magoti ya Kindi, madogo vile, na kuwaza ingekuwaje kama mwalimu huyu angekuwa mtu wa kuamini godoro kwa kuliangalia.

Akamwendea. "Mwalimu, naomba mwanangu asome hapa."

"Kwa nini hapa?"

"Kwa sababu kazi yangu uliikataa."

Wiki iliyofuata alilirudisha lile godoro begani, ganda jipya, sponji ya daraja la kwanza, hamna tambara hata moja. Pazia lilikuwa limepigwa pasi na liko dirishani. Jirani wa chini alikuwa ameombwa radhi ngazini, na alikuwa amecheka mpaka akakaa chini, jambo ambalo Fundi aliona limezidi kiasi. Alilitandika godoro, akabonyeza kidole gumba na kuhesabu kwa sauti ili watu wote wasikie.

Mwalimu akasukuma sanduku la kurukia mpaka pembeni ya godoro.

"Panda," akamwambia.

"Nani, mimi?"

"Safari hii aruke fundi."

Sanduku lilifika kifuani. Alipolipanda, aliliona refu zaidi kuliko alipokuwa chini. Mama Kindi alikunja mikono akasema ana mapumziko leo, kwa hiyo akivunjika atafungwa na mwingine. Fundi alitazama chini, akaupitia kichwani kila mshono, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakukiamini kidole chake.

"Baba, kunja magoti," Kindi alisema. "Kidevu kifuani."

Akaruka. Alitua kwa miguu, kisha kwa makalio, akajiviringisha mpaka kwa wazazi wenzake, na visigino havikugusa sakafu. Mwalimu akaliburuta godoro hadi kwenye mstari wa watoto.

Kindi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda. Fundi Sponji alifumba macho, akayafumbua aliposikia mkewe anacheka.