Kaseti Iliyoandikwa Usiguse

Jumapili ile saa tisa alasiri Kizito alikuwa amechuchumaa mbele ya baffle, spika kubwa ya kanisa, ameuma bisibisi, radio ikipiga nyuma yake. Hakuwa anaisikiliza sana, mpaka sauti moja ikamfanya ainue kichwa.

"Mji mzima ulikuwa unacheza rumba," sauti ilisema, "lakini yaya wangu, kaka yangu mkubwa, alipenda rock. Alikuwa na kaseti moja. Aliiandika kwa kalamu ya Bic ya bluu: USIGUSE. Siku ya kukimbia vita, pale bandari ya Kalundu, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya boti, akaitoa mfukoni, akanipa. Akacheka. Akaniambia: sasa unaweza kugusa."

Bisibisi ikaanguka. Sauti ilikuwa ya Chadrack, rafiki yake wa tangu masomo. Na kaseti? Kaseti ilikuwa ya Kizito. Yaya alikuwa wa Kizito. Hata ile Bic ya bluu, jamani, hata Bic!

Sasa tuelewane. Kizito ni fundi wa sauti pale mtaa wa Mulongwe. Anatengeneza vyombo vya makanisa yote bila kubagua, anakohoa vumbi la kwaya zote, lakini moyo wake uko kwenye rock na haufichi. Hapendi ngoma za kompyuta. Anasema zinapiga kama mtu anayesoma karatasi. Anapenda gitaa lenye uchafu kidogo, na mwimbaji ambaye sauti yake inakaribia kukatika lakini haikatiki. Kwenye ile kaseti, wimbo wa tatu wa upande wa pili, utepe uliwahi kuliwa na mashine, yaya wake Luc akauunga kwa scotch, ule mkanda wa gundi, na tangu siku hiyo mwimbaji anameza nusu ya neno. Miaka mingi baadaye Kizito alikuja kuusikia wimbo huo mzima kwenye simu. Hakuupenda. Aliona wameuharibu, akauzima.

Luc alikuwa na miaka ishirini vita ilipofika, Kizito kumi na miwili. Mama yao, Mama Agnès, alikuwa amekwenda Bwegera kumchukua bibi yao, barabara ikafungwa nyuma yake. Kwa hiyo aliyemsindikiza Luc bandarini ni Kizito peke yake. Boti ikaondoka, na Luc hakuonekana tena, si Kigoma, si Kalemie, si kwenye orodha yoyote. Kitu pekee ambacho Mama Agnès alibaki nacho ni kile alichosimuliwa na Kizito. Kila mwaka, tarehe ile ikifika, anamkalisha mwanawe chini na kumwambia aanze mwanzo. Kizito anaanza. Na kila mwaka mama anamkatiza palepale.

"Na alicheka?"

"Alicheka, mama."

"Basi. Endelea."

Chadrack yeye alikuja kutoka Luvungi kusoma, akawekwa benchi moja na Kizito. Mara ya kwanza kusikilizishwa ile kaseti aliziba masikio, akasema hiyo si muziki, ni mabati yanaanguka. Mwezi haujaisha, yeye ndiye aliyekuwa anakuja nyumbani kuiomba. Wanakwaya wakawaita mashetani wawili, nao wakalibeba hilo jina kwa raha zote. Basi kama ni kusimulia radioni jinsi alivyoijua rock, Chadrack alikuwa na hadithi yake, tena fupi: nilionjeshwa na rafiki yangu Kizito. Hilo ndilo lililomuuma Kizito zaidi. Mtu huyu hakuiba tu. Alimfuta Kizito kabisa, akaketi mahali pake.

Kesho yake Kizito alimfuata kwenye geti la shule anakofundisha. Chadrack alimpokea kwa tabasamu, chaki bado mkononi.

"Chadrack, weye uko na yaya gani?"

"Ndugu yangu, usikasirike. Ni radio tu."

"Ni radio tu? Yule ni Luc!"

"Sikutaja Luc. Na ba yaya niko nao wengi, watoto wa papa mukubwa." Akashusha sauti. "Kizito, ile hadithi iko muzuri sana, weye ulikuwa unaifungia mu nyumba. Minye niliitoa inje. Batu walilia! Vanessa wa radio alisema kipindi chake hakijapata simu nyingi namna ile."

"Rudi useme ni yangu."

"Niseme nilidanganya? Minye, mwalimu?" Akacheka, akampiga begani. "Aka, wacha hiyo."

Kizito aliondoka. Alimchukia Chadrack siku hiyo, na hakuona sababu ya kulificha.

Lakini mambo yalikuwa bado. Jumatano alimkuta Mama Agnès ameketi kitandani, hajasuka mkeka wake, hajala. Wanawake wenzake wa kisomo walikuwa wamempitia. Walimwambia kwa upole, wakimhurumia, kwamba kumbe ile hadithi ya bandari ni ya mwalimu Chadrack. Labda, walisema, mutoto wako aliisikia kwake, akaona akufariji nayo.

"Kizito, niambie kweli," alisema. "Luc alikupa ile kaseti au hakukupa?"

"Alinipa, mama."

"Na alicheka?"

"Alicheka."

"Basi enda ku radio, umurudishe mutoto wangu."

Jumapili iliyofuata Kizito alienda studio, kaseti kwenye mfuko wa shati. Vanessa, mtangazaji wa kipindi, alikuwa amewaita wote wawili. Alifurahi mno, si kila wiki watu wanagombania kaseti. Kizito alieleza kwa ufupi: yaya ni wangu, jina lake Luc, na kaseti ndiyo hii. Akaiweka mezani.

Chadrack aliinua kaseti, akaigeuza geuza, akasema kwa sauti yake tamu ya darasani: "Asante kwa kuileta. Nilimwazimisha miaka mingi, nikadhani imepotea."

Yesu wangu! Kizito alitaka kumrukia. Alibaki ameshika kiti tu, maana kipaza sauti kilikuwa wazi na mama yake alikuwa anasikiliza.

"Tutajuaje?" Vanessa aliuliza. "Utepe uliharibika wapi?"

"Upande wa pili, wimbo wa tatu," walijibu wote kwa pamoja.

"Uliungwa na nini?"

"Scotch."

"Yaya alivaa nini siku ile?"

"Shati ya mistari ya kijani," alisema Chadrack, tena haraka kuliko Kizito, "kifungo cha chini kilikuwa kimekatika."

Ndipo Kizito alipoona ubaya wote. Katika miaka ile ya urafiki alikuwa amempa mtu huyu kila kitu, kipande kwa kipande, kwa upendo, na sasa hakuna kilichobaki mkononi mwake. Simu zilikuwa zinaingia. Mmoja wa wasikilizaji alisema huyo fundi amwache mwalimu, wivu ni mubaya.

"Kizito," Vanessa alisema, "iko kitu unachokijua weye, ambacho mwenzako hawezi kukijua?"

Kilikuwepo. Kimoja tu. Hakuwahi kumwambia Chadrack, wala mke wake, wala padri. Alimfikiria mama yake kule nyumbani, sikio kwenye radio, akingoja kurudishiwa mtoto. Akafikiri pia, na hili lazima lisemwe, jinsi Chadrack anavyotabasamu. Akafungua mdomo.

"Luc hakunipa kaseti," alisema. "Niliiba. Asubuhi ile niliificha ndani ya godoro langu, kwa sababu nilijua akiondoka ataondoka nayo. Aliitafuta nyumba nzima. Alipindua vitanda, alimwaga nguo, karibu boti imuache. Aliniuliza mara tatu, nikaapa sijaiona. Njia yote mpaka Kalundu hakunisemesha. Alipanda boti bila kuniaga. Ile maneno ya sasa unaweza kugusa, niliitunga mwenyewe, mama aliporudi kutoka Bwegera. Alikuwa analia sana."

Nani angejitungia aibu ya namna hiyo? Vanessa alimgeukia Chadrack. "Na weye, mwalimu?"

Chadrack alitazama meza. Alisukuma kaseti polepole mpaka ikamgusa Kizito vidole, akainuka, akatoka bila kuvaa koti lake.

Njiani Kizito alishikwa mikono na watu asiowajua. Umemuweza! Mwongo amepatikana! Mwenye kibanda cha simu aliinua gumba. Kizito aliwapita mbio, lakini kadiri alivyokaribia nyumbani alipunguza mwendo.

Radio ilikuwa imezimwa. Mama Agnès alikuwa mahali palepale kitandani, mikono juu ya magoti. Kizito alipiga magoti mbele yake, akamwekea kaseti mapajani.

"Mama, nimemurudisha."

Mama aliichukua, akapitisha kidole juu ya yale maandishi ya bluu yaliyofifia. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya kila mwaka:

"Na alicheka?"

Kizito aliinamisha kichwa.

"Hakucheka, mama. Alikasirika. Hakugeuka hata kidogo."

Mama alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari kutoka mbali.

"Chadrack akinidanganya, ni mutu wa inje," alisema. "Weye nilikuzaa." Akageukia ukutani, kaseti kifuani. "Toka, ufunge mulango. Niache nimulilie tena, tangu mwanzo."