Kichwa cha Kambale

"Mama, nataka kuhamia Bahi," Anitha aliniambia kwenye simu. Kabla sijameza chai akaongeza, "Mama Salha atanitafutia nafasi shuleni."

Mama Salha!

Nikapanda basi la asubuhi. Stanley niliachana naye zamani, na Salha alipomchukua sikumwonea wivu. Amfulie yeye. Lakini mtoto nilimpeleka kwa baba yake kwa likizo ya Juni tu. Sikumgawa.

Juni mbuga ya Bahi inakauka. Maji ya masika yanabaki madimbwi, na kambale wote wanajibana humo. Niliwakuta Anitha na Salha katikati ya tope, magauni wameyafunga kiunoni, kila mmoja na kikapu kisicho na kitako. Wanakididimiza ghafla, wanaingiza mkono kwa juu, wanapapasa. Anitha akachomoa kambale mnene, akacheka kwa sauti. Nyumbani kwangu mjini, mtaa wa Kikuyu, hajacheka hivyo tangu aanze sekondari.

"Shikamoo mama!" Hakutoka majini.

"Marahaba. Kafunge begi."

Salha akanikaribisha kibandani. Juu ya moshi kilining'inia kichwa cha kambale, kikavu.

"Hicho?"

"Wa kwanza wa Anitha. Huku kwetu samaki wako wa kwanza unampa aliyekufundisha. Naye anakupikia kwenu, mnakula pamoja. Kichwa anabaki nacho."

"Mlimla wapi?"

"Hapa."

"Kwa hiyo hapa ndipo kwao?"

Salha alifuta mikono kwenye kanga. "Nilimuuliza, dada. Alisema ndiyo."

Nilitamani kukichukua kile kichwa nikitupe. Nikavua viatu.

"Mama Anitha, sketi yako ya kazini!"

"Itafuliwa."

Nilipoingia dimbwini Anitha alishangaa, kisha akanipa kikapu chake. Salha naye akasogea.

"Usimshike tumboni, dada, ana miiba..."

"Wewe kaa hukohuko. Anitha, nionyeshe."

Nilididimiza, nikakosa. Nikakosa tena. Wanawake wa dimbwi la pili wakaanza kunitania.

"Mama wa mjini, samaki hao hawaji kwa barua!"

Mara kitu kikagonga kikapu. Nikatumbukiza mkono, mwiba ukanichoma kiganja. Nililia kwa nguvu lakini sikuachia. Mkono wa Anitha ukapita juu ya wangu, ukavisogeza vidole vyangu nyuma ya kichwa cha samaki.

"Hapo, mama. Kaza!"

Tukamtoa. Mdogo, wa kuonea huruma. Nikamkabidhi Anitha palepale.

"Wa kwanza wangu. Umenifundisha wewe."

Akamtazama samaki, akamtazama Salha. Salha akageukia kikapu chake, na hilo nitamshukuru, ingawa si leo.

"Basi lazima nikakupikie kwako," Anitha akasema polepole.

"Kwangu?"

"Kwetu," akasema. "Lakini mvua zikiisha mwakani nitarudi huku. Na wewe uje."

"Tutaona."

Begi alilifunga mwenyewe. Kambale tulimpasua, tukamtia chumvi, akasafiri kwenye ndoo miguuni mwangu, na abiria waliokunja pua niliwatazama mpaka wakageukia dirishani.

Jikoni kwetu Anitha alishika simu. "Nimuulize Mama Salha, anaanza kubanikwa au kuchemshwa?"

"Lete hapa," nikasema. "Nitamuuliza mimi."

Salha alinieleza yote, taratibu. Nilisikiliza nimekunja uso, kiganja kikiwaka. Kichwa nilimwambia Anitha akitundike juu ya jiko, mahali ambapo mgeni yeyote atakiona.