Pazia Lenye Ziwa na Theluji

Kitambaa kile kilinichefua tangu siku mume wangu Gamaliel alipokishusha begani na kukikunjua mezani. Kilikuwa na ziwa la bluu, milima yenye theluji, misonobari, na batamaji weupe wenye shingo ndefu. Sisi tunakaa Kamina, ambako mtu akitaka kuona mlima inabidi apande treni. Sijui nani alimwambia kwamba wakwe wakikalia theluji ndipo watatuheshimu.

"Paysage, Mama Mira," alisema, yaani mandhari, akikipapasa kama anayepapasa mbuzi wa kununua. "Hii haiko mu Kamina muzima. Viti, rido, yote namna moja. Bageni bakifika batajua beko mu nyumba ya bantu."

"Inanuka," nikamwambia.

Ilinuka kweli. Robota la kitambaa lilitoka Lubumbashi kwa treni, na pale Bukama wachuuzi wakalilundikia magunia ya samaki wa chumvi. Maji ya samaki yalikuwa yamepenya hadi katikati. Nilitaka kitambaa kifuliwe kwanza. Gamaliel akakataa, eti maji yatafifisha theluji. Nikamuuliza nyeupe inafifiaje. Akanuna.

Fundi Hénoch akakishona hivyo hivyo, viti pamoja na rido, yaani pazia, amejifunga leso puani. Kwa kuwa hakikutosha, aliungaunga: kwenye kiti kimoja mlima ukasimama kichwa chini, kwenye kingine batamaji wakakatwa shingo, na mimi nikikaa hapo nilihisi nimekaa machinjioni. Gamaliel akanyunyiza marashi yake chupa nzima. Sasa sebule ikanuka samaki aliyejiandaa kwenda ibadani.

Wageni wenyewe walikuwa watu wa kambi ya jeshi. Théo, kijana aliyetaka kumwoa binti yetu Mira, alikuwa anakuja na mama yake, Mama Feza, mjane wa mwanajeshi, mzaliwa wa Kindu, muuguzi. Théo nilikuwa nampenda kwa kusikia habari zake tu, maana kwetu Waluba mama mkwe haonani na mkwewe. Ni heshima ya buko, yaani ya ukwe, na mimi, pamoja na ualimu wangu na ubatizo wangu wa Kimethodisti, sijawahi kuidharau. Siku ya kuzungumza mahari, mama wa binti hukaa chumbani, anasikia, haonekani. Chumba chetu hakina mlango, kina pazia.

Kwa hiyo nikaketi kwenye kigoda nyuma ya ziwa, pua yangu karibu na bata. Nilivumilia, kwa sababu nilichokitaka siku hiyo kilikuwa kimoja: watu wale waondoke wakijua Mira ametoka kwa mama safi. Mama asiyeonekana huachiwa jina lake tu kumsemea, na binti huenda na jina hilo kwa mumewe.

Salamu zikaisha, soda zikafunguliwa. Kisha nikamsikia Mama Feza akikohoa.

"Samahani, papa Mira. Kuko kitu kimeoza humu?"

Nilitabasamu peke yangu. Nilijua Gamaliel ataeleza habari za Bukama, watu watacheka, mambo yaendelee.

"Ile harufu njo mama ya Mira," mume wangu akasema, kwa sauti yake ya kusoma matangazo kanisani. "Iko na kidonda ku muguu. Tunavumilia tu, Mungu atasaidia."

Nikaitazama miguu yangu. Nilikuwa nimeipaka mafuta asubuhi ile, nayo iling'aa mbele yangu, mizima kabisa. Mtu niliyezaa naye alikuwa ameona bora nioze mimi kuliko viti vyake.

"Pole sana," akasema Mama Feza. "Tangu lini, mwanangu?"

Hilo alimuuliza Mira. Nikashusha pumzi, maana Mira si mtu wa kuniacha. Mira alisimama na mimi siku ile nikimbishia baba yake, Mira mwenyewe alitapika aliponusa robota.

"Kitambo, mama," Mira akajibu. "Muguu ya kushoto. Inatoka usaha."

Usaha. Wala hakuna aliyemwomba usaha.

Nikitoka, Théo ataniona, buko imevunjika mbele ya watu wote na lawama ni yangu. Nikipaza sauti, binti yangu anakuwa mwongo mbele ya mwanamume aliyekuja kumposa. Mate yalinijaa mdomoni nikayameza, na hata hayo yalikuwa na ladha ya samaki.

"Minyi niko infirmière," nikamsikia Mama Feza akitaja uuguzi wake huku kiti kikilia. "Buko ni ya Théo, haiko yangu. Acha nimuone."

"Hapana, mama, usijisumbue, atasikia haya," Gamaliel akababaika.

Pazia likasogea, mama mnene akaingia na kulifunga nyuma yake. Hakunisalimu. Alipiga magoti, akashika mguu wangu wa kushoto, akaugeuza huku na huku, kisha akashika wa kulia. Halafu akavuta pindo la pazia hadi puani, akaliachia upesi. Uso wake ulikunjamana, na haukukunjuka aliponitazama mimi.

"Banaongopa," akanong'ona. "Hata mutoto."

Niliitikia kwa kichwa.

"Sasa niende niseme nini kule?"

Kwenye kitambaa, mwanga wa dirisha ulichora kivuli cha Mira, ameinamisha kichwa, mikono mapajani, hatikisiki. Alijua anachongojea. Nasema wazi, dakika ile nilimchukia. Nilimchukia na bado nilitaka aolewe.

"Sema inapona," nikasema.

Mama Feza akavua kitambaa cha kichwani mwake, kilichonukia sabuni, akanifunga ule mguu wa kushoto usio na kidonda, kwa mikono ya mtu anayejua kazi yake.

"Nafanya hii juu ya kukusaidia weye," akasema. "Haiko juu yabo."

Alipotoka nikamsikia akitangaza kwamba kidonda kinapona. Gamaliel akamshukuru Mungu kwa sauti, mahari ikazungumzwa, wakaelewana. Wageni walipoondoka mume wangu alichungulia chumbani, meno yote nje.

"Uliona? Bote balikuwa banaangalia paysage."

Kamina ni ndogo. Kabla ya Jumapili habari zilikuwa zimewafikia akina mama wa Kipendano, kikundi chetu cha kanisani, nao wakaja kuniombea. Waliketi juu ya theluji ile, wakavuta hewa, wakatazamana, wakaamini. Mmoja aliniwekea mkono juu ya bendeji akalia machozi ya kweli. Nikaitikia amina.

Jumapili nikaenda ibadani nikichechemea mguu wa kulia. Gamaliel alitangulia na koti lake, akipokea pole zangu kushoto na kulia. Mira alinishika mkono, taratibu, kama mtoto mwema. Karibu na mlango wa kanisa, walipokuwa wamesimama wale mama wote, akaniinamia sikioni.

"Mama," akasema, "muguu njo ile ingine."