Kichwa Kisichokazwa

Mwaka ule mto Mississippi uliganda mapema, na tai wakafika bwawani kabla ya Krismasi. Sisi wapiga picha wa upande wa Iowa huwasubiri hapo kila baridi inapokaza, kwa sababu maji yanayopita chini ya malango ya bwawa hayagandi, na samaki wanaotokea upande wa pili huwa wamezubaa, rahisi kuokotwa. Shemeji yangu Merle Lindqvist, mume wa dada yangu Arlys, hakuwahi kukosa hata baridi moja. Lakini safari hii alikuja siku mbili na stendi ya miguu mitatu, na siku ya tatu akabaki ndani ya gari.

"Vipi shemeji, tai wamekuudhi?" nikamuuliza dirishani.

"Stendi inawakwaza watu pale ukutani. Nataka ya mguu mmoja."

Sababu ilikuwa na maana. Njia ya zege juu ya ukuta wa bwawa ni nyembamba, na stendi ya miguu mitatu huiziba kabisa. Lakini lenzi ya Merle ilikuwa ya zile ndefu za zamani, nzito kama mtoto wa miezi kadhaa, na miaka yote alikuwa anaishika kwa mikono mitupu na kutucheka sisi wenye stendi. Kumwona kwanza na stendi, na sasa akiomba mguu, kulinishangaza. Arlys alikuwa amekaa kando yake. Hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akimtazama mikono.

Jumamosi tukaenda wote watatu mjini Davenport, kwenye duka la kamera la Orrin Decker.

Orrin hakuwa na haraka. Alimsimamisha Merle wima, akavuta mguu mmoja wa kaboni mpaka ukampita kichwa kidogo. "Usinunue unaokuishia kidevuni," alisema. "Tai akipita juu utalazimika kuinama, na kwenye barafu hutaki kuinama." Akamwambia auegemee kwa uzito wake wote. Merle akauegemea. Haukupinda wala kutikisika. Hapo hapakuwa na ubishi.

Ubishi ulikuja kwenye kichwa, kile kinachokaa juu ya mguu kubeba lenzi. Orrin aliweka viwili juu ya kaunta. Kimoja kiliinama mbele na nyuma tu. Cha pili kilikuwa cha gololi, kinageuka kila upande.

"Kwa mzigo kama wako chukua hiki cha mbele na nyuma," Orrin alisema. "Ukitaka kushoto au kulia, unazungusha mguu wenyewe. Cha gololi ni kizuri kwa lenzi ndogo. Kwa hii yako, usipokikaza barabara, lenzi inalala ubavu kama mlevi, na inauvuta mguu pamoja nayo."

Merle alishika skrubu ya kukazia ya kile cha kwanza. Ilikuwa ndogo, ya chuma, ngumu. Akaizungusha kidogo, vidole vikateleza, akakirudisha kichwa mezani upesi. Skrubu ya kile cha gololi ilikuwa nene na imevikwa mpira.

"Nachukua hiki."

"Merle, chukua anachokuambia Orrin," dada akasema.

"Kwani nani anapiga picha hapa?"

"Anayepiga ni wewe. Atakayezika ni mimi."

Nadhani alitaka iwe utani. Hakuna aliyecheka.

Orrin hakubishana tena. Alifunga lenzi juu ya kichwa cha gololi, akalegeza skrubu, akaachia mkono. Lenzi ikaanguka ubavu kwa nguvu, na mguu ukaruka kutoka sakafuni. Aliudaka ukiwa karibu kugonga kioo cha kabati. "Umeona?"

"Nimeona. Nifungie."

"Basi nisikilize hili moja. Usivae mkanda wa lenzi shingoni. Ikienda, iache iende."

Merle aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa mlangoni.

Siku iliyofuata baridi ilikuwa ile ya kugandisha kope. Mvuke ulipanda kutoka kwenye maji yaliyokuwa wazi, na mapande ya barafu yalisagana chini ya ukuta kwa sauti kama ya meno. Tai walikuwa wengi kwenye miti mitupu ya ng'ambo, ila hawakuruka. Walikaa tu, wote wameelekea malangoni. Wapiga picha wengine walikata tamaa mapema, wakaenda kujipasha moto kwa maharage ya pilipili na maandazi ya mdalasini katika ukumbi wa kanisa. Tukabaki sisi.

"Twende tukale," dada alisema. "Hawa leo hawaruki."

"Wataruka," Merle akasema. "Wanasubiri kitu."

Kikaja. Kulungu mmoja mkubwa, amekufa, amegandia ubavuni mwa pande la barafu, akiteremka taratibu na mkondo. Alifika langoni, akasimama kidogo kana kwamba ameshikwa, kisha maji yakamvuta chini mara moja. Tulingoja. Alipotokea upande wa pili, katika povu, hakuwa na umbo la kulungu tena.

Tai wote wakaruka.

Walikuja chini sana, chini ya miguu yetu, wakipigana makucha juu ya maji. Merle akapanda kwenye bomba la chini la uzio ili awafuate kwa lenzi. Mguu ukasimama kwenye ukingo wa zege, nje ya uzio. Nilimwona akizungusha ile skrubu ya mpira, akizungusha tena, huku jicho liko kwenye kamera. Na niliuona mkanda, umemzunguka shingoni juu ya skafu.

"Shemeji, shuka hapo!"

Lenzi ikalala ubavu. Uzito wake ukauvuta mguu, na mguu ulipotoka ukingoni vyote vikaenda kwa pamoja, na mkanda ukamvuta Merle kwa shingo juu ya uzio mpaka kiunoni. Nilimdaka kwa mkanda wa suruali na koti. Viatu vyangu viliteleza, nikagonga uzio kwa kifua.

"Shika chuma! Merle, shika chuma!"

Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya chuma. Niliuona vizuri, ulikuwa sentimita chache kutoka usoni mwangu. Vidole vilikuwa wazi, vinatetemeka, na havikufunga. Hakuwa anakataa. Aliutazama mkono ule nao haukumsikiliza.

Arlys alijitupa juu ya mgongo wake, akaingiza vidole chini ya skafu, akatafuta klipu ya mkanda wa lenzi. Alipoifungua, uzito ukatoka ghafla, nasi watatu tukaanguka nyuma juu ya barafu. Lenzi, kichwa na mguu vilitumbukia kwenye povu. Sikusikia hata mlio. Tai hawakutawanyika.

Tulimkalisha kwenye kiti chake cha dereva, Arlys kando yake na mimi nyuma, tukawasha hita. Shingoni alikuwa na alama nyekundu kutoka sikio hadi sikio.  Nikashindwa kuvumilia.

"Orrin alikuambia ukaze. Kwa nini hukukaza?"

"Nilikaza," Merle alisema. "Nilikaza kwa nguvu zangu zote. Ndizo hizo."

"Na mkanda?"

"Niliogopa nitaiangusha."

Arlys alimvua glovu moja, akaushika ule mkono. Hata ndani ya mkono wake uliendelea kutetemeka.

"Daktari alisema nini?" akamuuliza.

"Nani kakuambia kuna daktari?"

"Tangu Oktoba mimi ndiye ninayekufungia vifungo vya shati, Merle. Unadhani nilikuwa nacheza?"

Merle akamwambia jina la ugonjwa. Akasema utazidi, mkono wa kushoto utafuata, kisha miguu. Alisema kwa sauti ya kawaida, akitazama kioo cha mbele kilichojaa ukungu wa pumzi zetu.

"Msimwambie Orrin," akamalizia. "Wala watu wa bwawani."

"Nitamwambia Orrin," dada akajibu. "Nitawaambia wote. Leo tulikuwa wawili kukuvuta, na ilibaki kidogo tu."

 Arlys akashuka, akazunguka gari, akafungua mlango wa dereva na kusubiri mpaka Merle alipojisogeza upande wa pili, polepole, mikono yote miwili ameibana katikati ya magoti. Mimi nikabaki nyuma. Dada aliondoa gari bila kungoja kioo kikauke, akiinama kuchungulia njia kupitia kijitundu kilichokuwa safi.