Zizi la Dishi

Mume wangu Chediel amechunga ng'ombe hapa Mungaa tangu utotoni, na hajui kuacha kitu kijiangalie chenyewe. Tulipofungiwa dishi uani, aliamini satelaiti inatembea angani kama jua. Basi kila jioni, nikishakaa tu kutazama mpira, yeye anatoka na kuligeuza dishi kuelekea magharibi, picha inakatika. Nilimfokea mpaka sauti ikanikauka.

Jumamosi nikamwita tena Belinda, fundi aliyetufungia dishi. Alimwamkia Chediel shikamoo, akalirudisha dishi lilivyokuwa, kisha akamweleza kwa upole: "Baba, satelaiti inazunguka pamoja na dunia, kwa mwendo uleule. Ndiyo maana sisi tunaiona iko palepale. Kila moja imegawiwa mahali pake huko juu, na chaneli zake, zisiingiliane."

"Kumbe kila moja na zizi lake!" Chediel akafurahi kama mtoto. Hapohapo akachukua panga, akakata matawi ya miiba, akaanza kulizungushia dishi ua ili ng'ombe wasilisukume.

Jioni picha ilikuwa safi. Majirani walijaa sebuleni, na bao la kwanza lilipoingia tulirukaruka mpaka kuku wakakimbia. Ndipo nikamsikia Chediel akiniita. Nikachungulia dirishani: alikuwa amezungushia miiba pande zote, yeye na dishi wakiwa ndani, bila kuacha mlango.

"Editha, nitoe!"

"Usisogee hata kidogo," nikamwambia. "Hapo ndipo ulipogawiwa."