Kitambaa Usoni mwa Babu

Asubuhi hiyo baba alikuja amejifunga kitambaa usoni, kimeziba pua na mdomo. Akasimama mlangoni, mkate wa moto akauweka chini na kuusukuma kwa ncha ya kiatu, kama anayemlisha mbwa mkali.

"Ingia basi, baba," nikamwambia, mwanangu nimempakata. "Mchumba wako anakusubiri."

"Leo siingii, mama. Nina mafua."

Mafua gani yasiyo na chafya? Kilichonitia hofu ni macho yake. Hayakumtazama mtoto hata kidogo, na mtoto alikuwa ameshanyoosha mikono, analalamika.

Ni yeye mwenyewe aliyemzoesha. Kila akitoka zamu ya usiku kwenye tanuri la mikate, hupita kwetu akampakata mjukuu wake. Mtoto huishika ile pua kwa vidole vyote, pua nene, nyekundu, yenye vishimo kama ganda la chungwa, na usingizi humchukua hapo hapo. Bila pua, hakuna kulala. Na Jumatatu nilikuwa narudi kwenye cherehani yangu kiwandani, sina mwingine wa kumwachia.

Kesho yake kitambaa tena. Keshokutwa akamtuma jirani na mkate, mwenyewe hakuonekana.

Nikawaza ya kuwaza. Ana kansa, ananificha. Zamani pua ile ilikuwa pua tu, ikiiva kidogo akinywa chai ya moto, kisha inatulia. Siku hizi haitulii, na inakua. Kazini wanamwita Tochi. "Tochi kaja, zimeni taa!" Mtaani wanasema ni pombe, na baba yangu hata soda humpanda kichwani.

Nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda chumbani kwake. Nikabisha.

"Umekuja naye?" akauliza kutoka ndani.

"Ninaye."

"Basi simama hapo hapo."

"Baba, unaumwa nini? Niambie kabla presha haijaniua."

Akanijibu kwa swali, taratibu: "Mashavu yake yamepona?"

Wiki iliyopita mtoto alitoka vipele vyekundu mashavuni. Nilikuwa nimeshavisahau.

"Niliwasimulia wenzangu," akasema nyuma ya mlango. "Mmoja akaropoka, 'Tochi, umemgawia mjukuu moto!' Wakacheka. Mimi nikakumbuka anavyoishika hii pua. Nimemwambukiza mtoto wa watu, mama."

Nilitaka kumwambia si kweli. Mkono wangu ukatangulia, ukaenda nyuma kupapasa mashavu ya mwanangu. Kwani mimi nilijua nini? Kwenye masomo ya jioni ya watu wazima tulifundishwa moyo na mapafu. Pua ya baba haikuwamo kitabuni.

"Vaa viatu," nikasema. "Twende tukaulize wanaojua."

Hospitalini alikaa mwisho wa benchi, sisi mwanzo. Daktari wa ngozi, mwanamama mwenye miwani, alimfungua kile kitambaa, akaibonyeza pua huku na huku kwa kidole kitupu, bila glovu. Nusura nipige kelele.

"Hii tunaiita rosasia," akasema. "Mishipa midogo ya damu usoni inatanuka, ngozi inawaka. Ikikaa muda mrefu, nyama ya pua inanenepa. Si kansa. Na si pombe, kama walishakusingizia."

Baba hakujali hayo. "Mtoto je?"

"Haiambukizi, mzee. Hata mkilala mto mmoja."

"Na vipele vyake?"

Daktari akamtazama mtoto, kofia, masweta mawili, blanketi. "Joto hilo. Mmemfunga kama furushi la sokoni."

Nikaona aibu, lakini roho ilikuwa bado juu. "Itazidi kukua?"

"Ikiachwa, inaweza. Nampa dawa ya kupaka, atulize wekundu. Nyama iliyokwisha kunenepa haitaondoka kwa dawa. Hiyo kuna wapasuaji wanaoichonga, akitaka. Ajikinge na jua, chai aiache ipoe. Hizo krimu kali za dukani, tupa. Na kazini, aombe kuhamia meza ya kukandia unga. Tanuri ndilo linalomchokoza."

Koridoni mtoto akaanza kulia, kilio chake cha usingizi. Nikamnyooshea baba. Akarudisha mikono nyuma.

"Si umemsikia daktari?"

"Nimemsikia. Mikono ndiyo haijasikia."

Nikasogea. Sikumlazimisha, nilisimama tu karibu, mtoto kati yetu, hadi mtoto mwenyewe akajirusha na kuidaka pua. Baba akafumba macho, amebana pumzi. Watu kwenye benchi wakatutazama. Polepole mikono yake ikapanda, ikamzunguka.

"Jumatatu uje mapema," nikasema.

"Na jioni ukimkuta na kipele kingine?"

"Nitamvua sweta."

Hakucheka. Alimwangalia mtoto, vidole vile vikilegea kimoja kimoja puani.

"Shh," akanong'ona, "usinisemeshe. Utamwamsha."