Sakafu Isiyong'aa

Mtaa mzima ulimwita Kioo, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na mama yake. Alikuwa fundi wa vigae, na sakafu aliyoimaliza yeye ungeweza kujitazama humo ukachana nywele. Nyumbani kwake ndiko alikomalizia ufundi wake wote: vigae vyeupe, vinametameta toka sebuleni mpaka jikoni, na mteja mpya lazima apitishwe humo kwanza. Basi siku moja mkewe alitoka kuoga miguu ina maji, akateleza, akavunjika nyonga.

Mfupa ulipona, woga haukupona. Mama Watoto alirudi kutoka hospitali akawa kama mgeni katika nyumba yake. Alitembea akishikilia ukuta, na jikoni hakutia mguu kabisa. Walijaribu mikeka, nayo ikateleza juu ya vigae. Mapishi akayashika Kioo, na Mungu ndiye anayejua waliyoyala.

"Ingekuwa sakafu ya mawe," mkewe alisema siku moja, "mawe tu ya kawaida, yenye kukwaruza kidogo, ningetembea."

Mawe! Miaka yote Kioo alikuwa akimtania jirani yake Mwamba, fundi wa mawe, kwamba kazi yake ni ya kujengea zizi. Sasa alimwendea mikono nyuma. Mwamba alicheka mpaka akakaa chini.

"Ama kweli mganga hajigangi!" Kisha akaacha kucheka. "Shemeji anaendeleaje lakini?"

Kubomoa, Kioo alibomoa mwenyewe, maana hakutaka mtu mwingine avunje kazi ya mikono yake. Vigae vikamkatalia. Kila kimoja kilitoka vipande vipande, na jasho likamtoka mpaka kwenye soksi.

"Nani huyu mjinga aliyebandika hivi?" alifoka.

"Namjua," mkewe akaitikia toka chumbani. "Nimezaa naye."

Mwamba alileta mawe ya kijivu, mengine yana mishipa ya rangi ya udongo, hakuna mawili yaliyofanana. Waliyapanga makavu kwanza, wakayahamisha huku na kule mpaka yakapatana, ndipo wakachanganya saruji. Mawe ni manene kuliko vigae, kwa hiyo sakafu ilipanda na milango ikagoma kufunguka mpaka ilipokatwa chini. Hatimaye Mwamba alikusanya vifaa vyake.

"Yaache yalivyo," alionya. "Jiwe halitaki poda."

Lakini mazoea yana taabu. Kioo aliitazama sakafu ile iliyofifia, mkono ukamwasha. Alitaka kumpa mkewe kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuwafanyia wateja. Akanunua vanishi, akaipaka jikoni kote, tabaka juu ya tabaka. Ilipokauka alikwenda kumwita, kifua mbele.

Mama Watoto alifika mlangoni akasimama. Dirisha zima lilionekana chini, pamoja na mawingu yake. Mkono wake ukarudi ukutani.

"Baba Watoto, umenirudishia vigae."

"Ni mawe, mke wangu! Yaleyale uliyoyataka!"

"Mawe siyaogopi. Naogopa huko kung'aa." Akageuka, akarudi kitini kwake.

Kioo aliona haya kuliko siku zote za maisha yake. Mkewe aliomba pa kukanyaga, naye akamfanyia pa kutazama, kama vile anayehitaji kuridhishwa ni mteja. Alichukua dawa ya kubandulia rangi na brashi ngumu, akapiga magoti, akaanza kusugua.

Mwamba alipita, akachungulia, akaelewa.

"Kioo anafubaza sakafu! Haya, tumeishi tumeona." Akavua viatu, akashika brashi nyingine, na wakasugua pamoja mpaka jiwe likawa jiwe tena.

Kesho yake asubuhi Kioo alijaza ndoo akaimwaga jikoni, makusudi kabisa. Akamwita mkewe.

"Umelowesha sakafu?" Mama Watoto aliuliza, macho yamemtoka.

"Nimeilowesha. Nikiteleza mimi, nitayang'oa mawe haya yote." Akapita peku, akaenda, akarudi, akapiga hata hatua mbili za ngoma. Kisha akamnyooshea mkono.

Mama Watoto aliweka mguu mmoja. Aliukandamiza, akausogeza, akausogeza tena. Jiwe lilimshika. Akaleta wa pili. Akaachia ukuta, akavuta pumzi, akaanza kutembea kwenye maji yale, polepole, halafu si polepole sana.

Alipita karibu kabisa na mkono wa mumewe, hakuugusa. Mkono ukabaki umenyooshwa hewani, hauna wa kuushika, na Kioo hakuwahi kufurahia kupuuzwa kama alivyofurahia siku ile.